Shajara ya mradi: sola na betri za mnara wa intaneti juu ya Mlalo, Septemba 2023 hadi Agosti 2024

Naandika hii kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaotaka kuweka redio za intaneti kilimani ambako umeme wa gridi haufiki. Naiongezea kila hatua ikiisha. Bei zote ni shilingi za Tanzania, nilizolipa mwenyewe kwa tarehe hizo, zako zinaweza kutofautiana.

9 Septemba 2023 – Kilima na mzigo

Kilima kiko Usambara, Wilaya ya Lushoto, juu kidogo ya Mlalo, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mnara ni wa bomba na waya za kuvutia, mita 24. Unapokea linki kutoka chini na kurusha kwenye mabonde mawili ambako kuna sekondari, zahanati na maduka kadhaa. Leseni na masafa ni kazi ya mtoa huduma, mimi nimepewa umeme tu: vifaa visizimike mchana wala usiku.

Vifaa ni redio mbili za linki ya kutoka chini, redio mbili za sekta, yaani za kurusha mabondeni, ruta, swichi ndogo na kamera moja. Kiwanja ni cha Bibi mmoja ambaye nyumba yake iko hatua thelathini kutoka mnarani na ndiye mlinzi pia. Tumekubaliana kodi kidogo ya mwezi pamoja na taa na kuchaji simu. Hilo la taa na simu mkumbuke, linarudi huko mbele.

Kitu cha kwanza nilisoma lebo za adapta. Redio nne kila moja 24V 0.5A, ni wati 48. Ruta 24V 1.2A, karibu 29. Swichi 12, kamera 12. Jumla wati 101. Ukizidisha kwa saa 24 unapata zaidi ya 2,400 Wh (wati-saa, yaani wati mara saa) kwa siku, hiyo ni betri ya mamilioni, nikasema ngoja kwanza nipime.

16 Septemba – Lebo sio mzigo

Nilifunga vifaa vyote mezani Lushoto mjini kwenye umeme wa kawaida kupitia mita ya soketi, nikaviacha siku tatu huku redio zikipitisha data kama vile ziko kazini. Wastani: wati 37. Lebo ya adapta inakwambia adapta inaweza kutoa nini, haikwambii kifaa kinakula nini, na ukinunua betri kwa kufuata lebo utalipa zaidi ya mara mbili bure.

Kwahiyo 37 x 24 = 888 Wh kwa siku. Hesabu niliipenda, na ndo iliyoniponza miezi miwili baadaye maana nilipima upande mmoja tu wa mfumo.

Jua nilichukua data ya NASA POWER, ya shirika la anga la Marekani, ni ya bure. Wastani wa mwaka ulizunguka saa 5 za jua kamili kwa siku, yaani jua la kutwa likikusanywa ni sawa na saa 5 za jua kali la utosini. Nikapunguza robo kwa ajili ya hasara, zikabaki 3.75. 888 gawanya kwa 3.75 ni paneli ya wati 237. Nikaona nikiweka wati 400 nimejihami vya kutosha.

14 Oktoba – Mfumo wa kwanza umewaka

Paneli mbili za wati 200 (170,000 kila moja), betri mbili za jeli 12V 100Ah zilizofungwa mfululizo kupata 24V (420,000 kila moja), kontrola ya MPPT 75V 15A inayosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri (290,000), inveta ya wati 500 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani (150,000). Waya, breka, boksi, stendi, gari mpaka mwisho wa barabara na vijana wa kubeba betri kupanda juu vyote 310,000. Jumla 1,930,000.

Inveta niliiweka kwasababu vifaa vyote vilikuja na adapta za ukutani na ilikuwa njia ya haraka. Kuwasha hakukuwa na shida, siku ya kwanza mwalimu wa sekondari alipiga simu kushukuru.

19 Novemba – Mnara umezimika siku nne

Hii vuli ya 2023 ni ya Elnino na mvua haikatiki. Tarehe 13 ukungu ulikaa juu ya kilima ukagoma kuondoka, tarehe 15 usiku mnara ukazimika. Halafu kikaanza kitu kibaya kuliko kuzimika kwenyewe: asubuhi kukipambazuka volti inapanda kidogo, inveta inawaka, redio zote zinaanza kubuti kwa pamoja, volti inaanguka, inveta inakata, baada ya dakika chache inarudia tena. Kutwa nzima hivo. Ruta ikapoteza mipangilio yake ikabidi niipange upya juu kule kwenye mvua, laptopu iko ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilichokikuta baada ya kupima kila kitu kwa utulivu:

Cha kwanza ni inveta. Niliweka klampu mita ya DC (inabana waya na kusoma umeme unaopita) kwenye waya wa betri nikasoma wati 56. Sio 37. Inveta yenyewe bila mzigo wowote inakula 11, na kwa mzigo mdogo kama huu ufanisi wake ni mbovu, maana imetengenezwa kwa wati 500 na mimi naipa chini ya kumi kwa mia. Kwa siku ni 1,344 Wh badala ya 888. Fikiria umeme unatoka betri ukiwa DC, unageuzwa AC, yaani ule wa ukutani, halafu kila adapta inaugeuza tena DC, na kila mlango unatoza ushuru wake.

Cha pili ni kina cha kutoa chaji. Betri za jeli nilipanga zisishuke chini ya nusu, yaani 1,200 Wh ndo za kutumia. Lakini inveta nilikuwa nimeifunga moja kwa moja kwenye betri, na yenyewe inakata ikifika 21V, ambayo ni 10.5V kwa kila betri, hapo betri imeshakwisha kabisa. Kontrola ina sehemu yake ya kukata mzigo mapema ila inveta haikupita pale. Betri zilishushwa mpaka chini siku nne mfululizo. Nilipozipima baada ya kuzichaji, moja ilikaa 12.9V na nyingine 11.6V. Hiyo ya 11.6 haikurudi tena. 420,000 imeenda.

Cha tatu ndo kikubwa kuliko vyote, data ya jua. Boksi moja la data ya jua ya NASA POWER ni digrii moja kwa digrii moja, yaani kama kilomita 110 kila upande. Kwenye boksi langu kuna Mombo, kuna mashamba ya mkonge ya Korogwe, kuna nyika kavu. Mombo panawaka jua na mimi huku juu siuoni mkono wangu. Hiyo saa 5 ilikuwa wastani wa mwaka mzima wa boksi zima, mabondeni na milimani, na mnara hauishi kwenye wastani, unaishi kwenye wiki mbaya. PVGIS, data ya jua ya Umoja wa Ulaya, ina boksi dogo zaidi na ni bora kwa milimani ila bado ukungu wa kilima kimoja haiuoni.

Kitu kizuri kimoja: kontrola ilihifadhi mavuno ya kila siku. Siku tatu mbaya zilikuwa 310, 420 na 380 Wh kutoka paneli za wati 400. Hizo namba tatu zimenigharimu betri ila ndo namba za thamani kuliko zote kwenye shajara hii.

9 Desemba – Matengenezo ya muda

Niliazima betri mbili za lori, nikatoa kamera, nikashusha nguvu ya redio moja ya sekta. Inaenda lakini Bibi ananipigia kila jioni kunisomea taa za kontrola: "Mwanangu, ile ya kijani imezima, nyekundu inakonyeza." Amejifunza kuzisoma kuliko vijana wangu, simu zake mbili ziliniwahisha kabla mnara haujazimika.

Kwenye kuongea naye nikagundua kitu kingine. Taa zake mbili na simu za watu wa jirani zinazochajiwa kwake vyote vinatoka kwenye inveta ile ile, na sikuviweka kwenye hesabu. Nilipima, kama 90 Wh kwa siku. Ni haki yake maana tulikubaliana, kosa ni kuchanganya mzigo wa mnara na wa nyumba kwenye betri moja, ukizima mmoja unazima wote.

13 Januari 2024 – Kupiga hesabu upya

Hapa nimekaa wiki mbili na daftari, na kama unataka kunakili kitu kimoja tu kutoka kwangu nakili hiki.

Mzigo kwanza. Nimeamua kutoa inveta na adapta zote, vifaa vyote vinakula DC. Nimepima mezani: wati 29 kwenye vifaa, 33 kutoka betri ukijumlisha hasara ya konvata (kifaa cha kurekebisha volti ya DC) na kontrola. 33 x 24 = 792, naita 800 Wh kwa siku. Kumbuka ulikuwa 1,344, vifaa ni vile vile.

Sasa betri. Njia inayofundishwa kila mahali ni kuchagua siku za akiba, tuseme tatu, unazidisha: 800 x 3 = 2,400, unagawa kwa 0.8 maana lithiamu ya LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, unapata 3,000 Wh. Betri ya 25.6V 100Ah ina 2,560 Wh, haitoshi, kwahiyo unanunua mbili. Betri moja ni 1,900,000. Mbili ni 3,800,000.

Ile hesabu inadhani siku ya mawingu paneli hazitoi kitu kabisa. Sio kweli. Siku tatu mbaya za Novemba zilinipa wastani wa 370 Wh kutoka wati 400, yaani kila wati moja ya paneli ilinipa 0.93 Wh kwa siku hata kwenye ule ukungu. Sasa angalia njia mbili:

Njia A, betri mbili na paneli zile zile za wati 400. Siku mbaya zinaingia 370, zinatoka 800, pengo 430. Betri mbili zina 4,096 Wh za kutumia. Zinaisha kwenye siku ya kumi. Tena jua likitoka siku moja, hizo wati 400 zinalisha mzigo na kujaza shimo kubwa kwa wakati mmoja, haziwezi, betri inakaa nusu tupu wiki nzima na mawingu yakirudi yanaikuta hivo hivo.

Njia B, betri moja na paneli tatu za wati 330, jumla 990. Siku mbaya zinaingia 920, zinatoka 800. Hakuna pengo! Hata ile siku mbaya kuliko zote ya 310, ukiipiga kwa wati 990 inakuwa 767, pengo la 33 tu. Na paneli zote zikifa, tuseme waya umeliwa na panya, betri moja ina 2,048 Wh, ni siku mbili na nusu, muda wa kutosha mimi kupanda kilima.

Bei: A ni 3,800,000. B ni 1,900,000 na paneli 720,000, jumla 2,620,000. Paneli imekuwa bidhaa rahisi, betri bado ni ghali, kwahiyo ukiwa mahali pa ukungu ongeza paneli kwanza mpaka siku mbaya ijilipe yenyewe, betri ibaki ya usiku na ya dharura. Nilikuwa nafikiri kinyume chake miaka yote.

Kontrola ya zamani haifai. 15A kwa 24V ni kama wati 400. Nimechukua ya 100V 30A, 480,000, itapitisha kama wati 800, na zile 190 zinazozidi saa sita ya jua kali sizihitaji, nahitaji za asubuhi yenye ukungu.

Paneli zinafungwa sambamba, sio mfululizo. Paneli hizi zina 46V bila mzigo, mbili mfululizo ni 92V, na huku asubuhi ya Julai ni nyuzi 8 au 10, volti ya paneli inapanda kwenye baridi, utagusa 96. Kontrola ina ukomo wa 100. Sitaki kukaa karibu hivo na ukomo. Zikiwa tatu sambamba weka fyuzi ya 15A kwenye kila paneli, kwasababu moja ikipiga shoti zile mbili nyingine zinaisukumia ampea 18 na waya wake haujatengenezwa kwa hizo.

10 Februari – Kufunga mfumo wa pili

Siku mbili, watu wanne. Betri ya lithiamu ni kilo 22 tu, kijana mmoja alipanda nayo mgongoni, zile za jeli zilikuwa karibu kilo 30 kila moja. Paneli zinatazama kaskazini kwa mwinuko wa nyuzi 15. Tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta kwahiyo hata nyuzi 5 zingetosha, ila kwenye mwinuko mdogo vumbi na ukungu-nyevu vinakaa na kuota kijani, 15 mvua inaosha yenyewe, halafu inasaidia Juni na Julai jua likiwa kaskazini ambapo ndo kipupwe chetu kinabana.

Paneli moja ya zamani ya wati 200, ile betri ya jeli iliyopona na kontrola ya 15A nimempa Bibi mfumo wake peke yake. Taa mpya na waya 45,000. Sasa nyumba na mnara haviingiliani.

13 Februari – Redio moja imeungua

Siku ya tatu redio ya sekta ya mashariki ikafa saa saba mchana, jua kali. Nilidhani radi, ila hakukuwa na hata wingu.

Redio hizi zinakula 24V kupitia kebo ya mtandao. Betri tunaiita ya 24V, lakini ni seli 8 na wakati wa kuchaji inapanda mpaka 28.4V. Mimi nilikuwa nimezifunga redio moja kwa moja kwenye betri huku nikisubiri konvata ifike kutoka Kariakoo, nikasema siku tatu sio kitu. Tatu zikavumilia, moja haikuvumilia. 190,000.

Konvata iliyokuja inapokea kuanzia 18V hadi 36V na kutoa 24V iliyotulia, 5A, bei 85,000. Hakikisha ni ile inayoweza kupandisha na kushusha, maana inayoshusha peke yake usiku betri ikiwa 25V itakosa nafasi na kutoa 23 na kitu, kwenye kebo ya mita 30 redio inapata 22 na inaanza kujiwasha upya. Swichi na kamera zina konvata ndogo ya 12V iliyokuwa kwenye boksi la vipuri.

Nimeweka pia relei, swichi inayojiendesha yenyewe, ya kukata mzigo kabla ya betri kujikata yenyewe. Inakata 25.0V, na hairudishi mpaka volti ifike 26.8V. Hilo pengo ni muhimu sana, ndo dawa ya ule ugonjwa wa Novemba wa kuwaka na kuzima kutwa nzima. Mnara ukizima, bora uzime masaa kadhaa ya heshima kisha urudi mara moja.

Eathi mpya, fyuzi na relei jumla 160,000.

Fundi rafiki yangu wa Njombe alinipigia akitaka kufanya hivi kwa redio kubwa alizopewa zilizotoka kwenye mnara wa simu. Nilimuuliza lebo inasemaje akasoma "-48V". Nikamwambia asimame hapo hapo. Vifaa vya minara ya simu tangu enzi za simu za waya vinaweka chanya kwenye eathi, sio hasi, ilifanywa hivo ili nyaya zisiliwe na kutu. Ukichukua kontrola ya kawaida ya sola ambayo hasi yake imeshikana ndani, ukaifunga na boksi ambalo chanya imegusa chuma cha mnara, umetengeneza shoti kupitia mnara mzima. Anahitaji konvata iliyotenganishwa kabisa pande mbili. Volti sio namba tu, angalia na alama iliyo mbele yake.

20 Aprili – Mavuno yameshuka siku za jua

Masika ni nzito mwaka huu lakini mfumo umesimama, hatujazimika hata mara moja. Kilichonisumbua ni kingine. Nikisoma kontrola, siku za ukungu zinatoa kama nilivyotarajia, ila zile siku chache za jua zinatoa pungufu kuliko Februari, na pungufu linakuja saa tano hadi saa nane.

Nikapanda siku ya jua nikakaa pale kuanzia saa nne. Saa tano kasoro kivuli cha mnara na antena zake kikaingia kwenye paneli ya kwanza, kikatembea polepole mpaka ya tatu. Paneli nilizifunga mita 6 kusini mwa mnara. Februari jua la mchana lilikuwa kusini yetu, kivuli kikaangukia kaskazini, sikukiona. Katikati ya Aprili jua limeshavuka kwenda kaskazini na kivuli kimegeuka upande wa paneli, na hesabu ni rahisi tu ningeifanya siku ile: mwisho wa Juni jua la saa sita linakuwa nyuzi 28 kaskazini ya utosi, mnara wa mita 24 unatupa kivuli cha karibu mita 13 kusini. Ningekaa na kivuli mpaka mwisho wa Agosti.

Kivuli chembamba kinaumiza kuliko unavyodhani, kikilala kwenye mstari mmoja wa seli kinazima theluthi ya paneli. Siku ya ukungu hakina maana yoyote maana mwanga unatoka kila upande. Kinauma siku ile moja ya jua kati ya siku tano za ukungu, siku ambayo ndo unaitegemea kujaza betri.

Nimehamisha paneli kaskazini mwa mnara. Na hapo nusura nirudie kosa, nilikuwa naziweka mita 6 vilevile. Desemba jua linakuwa nyuzi karibu 19 kusini, kivuli kinaenda mita 8 kaskazini. Nimeziweka mita 10. Waya umekuwa mrefu nikabadilisha kutoka 4mm kwenda 6mm. Vijana, saruji na waya 95,000.

12 Mei – Simu thelathini za Jumapili

Wiki ya kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi betri ilishuka ikarudi, salama. Leo Jumapili simu zimeanza kuingia: intaneti imekufa. Mwalimu, nesi wa zahanati, wenye maduka. Nikajua ni betri tu, nikapanda kwa bodaboda mpaka barabara ilipoishia kisha kwa miguu, nafika juu nahema, taa zote zinawaka, betri 26.4V, redio zote zimeshika. Bibi ananiangalia: "Mbona umepanda? Ya kijani ipo." Kumbe kebo za baharini za EASSy na Seacom zimekatika upande wa Afrika Kusini na nchi nzima inahangaika.

Lakini ile 26.4V niliyoifurahia haikunipa habari. LiFePO4 volti yake imelala bapa, kati ya asilimia 40 na 80 tofauti ni sehemu ndogo ya volti moja, huwezi kujua betri ina kiasi gani kwa kutazama volti kama ulivyozoea kwenye betri za asidi. Nimenunua mita ya shanti, 140,000, inahesabu ampea zinazoingia na kutoka, na nimeiunganisha na ruta niione kwenye simu nikiwa Lushoto. Ningeiweka siku ya kwanza.

3 Agosti – Kipupwe kimepita

Juni na Julai ndo mtihani niliousubiri, baridi na ukungu wa asubuhi mpaka saa saba siku nyingi. Chaji ya chini kabisa iliyorekodiwa na shanti ni asilimia 61, alfajiri ya 9 Julai, baada ya siku tano ambazo mavuno hayakufika 1,000 Wh hata siku moja. Siku mbaya kuliko zote ilitoa 740 Wh, hesabu ya Januari ilisema 767. Tangu Februari 13 mnara haujazimika kwa ajili ya umeme.

Gharama ya awamu ya pili: betri 1,900,000, paneli 720,000, kontrola 480,000, konvata 85,000, redio iliyoungua 190,000, eathi na relei 160,000, mfumo wa Bibi 45,000, kuhamisha paneli 95,000, shanti 140,000. Jumla 3,815,000. Ukijumlisha na awamu ya kwanza ni 5,745,000. Kwa mtu anayeanza akiwa na hizi namba, kwa bei hizi za 2024, mfumo wa mnara peke yake ni kama 3,800,000 pamoja na waya na kupandisha mizigo.

Mtoa huduma anataka kuongeza sekta ya tatu kuelekea magharibi, wati 8 zaidi kutoka betri. Ni 192 Wh kwa siku, mzigo unakuwa karibu 1,000, siku mbaya inaingiza kama 770 hadi 920. Pengo linarudi. Nimewaambia redio inakuja pamoja na paneli ya nne na kontrola iangaliwe upya, au haiji. Wamesema watanijibu. Bibi naye ameuliza kama mfumo wake unaweza kubeba redio ya kusikiliza taarifa ya habari na taa ya tatu kwenye banda la ng'ombe. Huo nimeupima, unabeba, nikipanda Jumamosi naenda na waya.